Dharura Nyingi Zina Tarehe: Kupanga Fedha za Familia Kuanzia Hati ya Mshahara Hadi Mirathi

Ada ya Januari haijawahi kuhamia Machi. Kodi ya nyumba iliyolipwa Julai kwa miezi sita itaisha Desemba, na mwenye nyumba hasahau. Sare za mtoto anayeingia kidato cha kwanza zilijulikana tangu yuko darasa la saba. Pamoja na hayo, mwaka ukianza utawasikia wazazi wakisema wamepatwa na dharura, na jioni wako mlangoni kwa mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali.

Hiyo si dharura. Ni bili yenye tarehe ambayo haikutengewa pesa. Dharura ya kweli haina tarehe: mtoto anavunjika mkono, baba anaanguka kiharusi, duka linaungua. Bili yenye tarehe hulipwa kwa akiba. Balaa lisilo na tarehe, likiwa kubwa kuliko uwezo wa nyumba, hulipwa kwa bima. Familia nyingi hufanya kinyume: zinaweka akiba ya "lolote litakalotokea", kisha zinaitumia kulipa ada, na ugonjwa unapokuja kibubu ni kitupu.

Hesabu zilizomo humu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, na baadhi ya viwango vyake ni tofauti. Tena, Sheria ya Fedha hupitishwa Juni na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, kwa hiyo kila Julai rudia hesabu zako.

Mshahara unaofika, si uliotajwa

Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi mwenye mshahara ghafi wa shilingi 1,200,000. Kwanza inatoka michango ya NSSF, mfuko wake wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 120,000. Mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake juu ya hiyo. Kwa mtumishi wa umma mfuko ni PSSSF, naye hukatwa asilimia 5 huku mwajiri akichangia 15.

Inabaki 1,080,000, na hii ndiyo inayotozwa kodi ya mshahara, PAYE. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Hadi 760,000 ni asilimia 20, sawa na 48,000. Hadi 1,000,000 ni asilimia 25, sawa na 60,000. Zile 80,000 zilizozidi milioni zinatozwa asilimia 30, yaani 24,000. Jumla 152,000. Mkononi inafika 928,000.

Mambo mawili hukosewa hapa. La kwanza ni la mhasibu: kupiga kodi juu ya 1,200,000 nzima kabla ya kuondoa mchango wa NSSF. Kodi inakuwa 188,000 badala ya 152,000, na mfanyakazi anapoteza 36,000 kila mwezi bila kujua. Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita, rudia hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu. Ni kazi ya dakika tano.

La pili ni la mfanyakazi mwenyewe: ile hofu kwamba ukiongezwa mshahara "unapanda daraja la kodi" na unaweza kurudi nyumbani na pungufu. Hapana. Kiwango cha juu hutozwa kwenye kile kilichozidi tu. Nyongeza ya 100,000 kwa mtu wetu inakatwa 10,000 ya NSSF, kisha asilimia 30 ya 90,000, yaani 27,000. Anaondoka na 63,000 zaidi. Si laki nzima, lakini hakuna alichopoteza.

Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, bado ana kato jingine, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama 1,200,000 yote ni mshahara wa msingi, hiyo ni 180,000, na mkononi inabaki 748,000. Wanaoanza kazi huwa wanapanga nyumba kwa kutazama ile milioni na laki mbili ya kwenye barua ya ajira. Mwezi wa kwanza tu wanapigwa na butwaa.

Daftari la tarehe

Tuseme mfanyakazi huyo anaishi Morogoro, hana deni la HESLB, na mwenzake ni fundi cherehani anayebakiwa na faida ya wastani wa 300,000 kwa mwezi. Pamoja wana 1,228,000. Watoto watatu, nyumba ya kupanga.

Wanakaa na daftari na kuandika kila malipo ambayo tarehe yake inajulikana. Kodi ya nyumba, 200,000 kwa mwezi, hulipwa kwa miezi sita mara mbili: 2,400,000. Ada kwa mwaka: 1,400,000. Sare, viatu na madaftari: 300,000. Safari ya kwenda kwa wazazi Desemba, pamoja na mchele na sukari ya kubeba: 700,000. Kodi ya biashara ya cherehani inayolipwa TRA, mamlaka ya mapato: 180,000. Jumla ni 4,980,000. Gawanya kwa 12: 415,000.

Yaani katika kila mshahara na kila faida ya mwezi, 415,000 si zao. Tayari zina mwenyewe. Familia hii haina kipato cha 1,228,000 cha kutumia, ina 813,000, na humo ndimo chakula, LUKU, maji, nauli, vocha, michango ya harusi na misiba vinapaswa kuenea. Wengi wakifika hapa ndipo wanapoelewa kwa nini mwezi hauishi vizuri. Si kwamba wanafuja. Wanaishi kwenye 1,228,000 miezi minane, kisha wanalipia kosa hilo miezi minne iliyobaki.

Hizo 415,000 zihamishwe siku ileile pesa inapoingia, kwenda akaunti isiyo na kadi. Usisubiri kuona kitakachobaki tarehe 28. Kwa fundi ambaye pesa yake haiji kwa mwezi, njia inayofanya kazi ni kutenga sehemu ya kila nguo inayolipwa, hata kama ni shilingi elfu mbili kwa gauni, na kuipeleka kila Jumamosi. Na pesa ya vitambaa isiguse pesa ya mboga. Biashara nyingi za nyumbani hufa kwa sababu mtaji umeliwa kidogokidogo kwenye unga na mafuta ya kula, bila mtu kuona siku ulipokwisha.

Nje ya hizo 415,000, jengeni akiba ya dharura. Utasikia ushauri wa matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Ni sawa, ila kwa nyumba yenye 813,000 hilo ni jambo la miaka. Lengo la kwanza liwe 300,000 tu. Kiasi hicho ndicho kinachokutenga na kausha damu pale simu ya usiku inapopigwa.

Pesa ikae wapi

Swali la kujiuliza si "wapi kuna faida kubwa". Uliza: nitaihitaji lini?

Pesa ya ndani ya miezi mitatu ikae benki au kwenye simu, faida isahau. Ya miezi sita hadi mwaka inafaa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, au kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji kama Ukwasi wa UTT AMIS, ambako unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, na kuviuza unapohitaji. Pesa hailetwi papo hapo, inapita siku kadhaa za kazi, kwa hiyo omba mapema kabla ya tarehe ya ada. Kikoba kinachovunjwa Desemba kina sifa moja nzuri sana: tarehe yake inalingana na ada ya Januari. Ubaya wake unaonekana mwaka ambao wanachama wawili watatu waliokopa hawajarudisha. Sanduku linafunguliwa, wenye funguo tatu wote wapo, kitabu kinasema milioni sita, na ndani kuna milioni nne na ahadi. Kikoba makini hufunga mikopo mipya miezi miwili kabla ya kuvunja, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya watu wote. Chenu kama hakifanyi hivyo, msiweke humo ada yote. Pia tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na kazi hiyo hufanyika halmashauri. Cheti hicho ndicho kinachowapa pa kushika pale mweka hazina anapotoweka.

Amana ya muda maalumu benki ina hesabu nyepesi. Milioni 3 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kwa miezi sita, inazaa 120,000. Inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, unapata 108,000. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: ukivunja mapema unapoteza nini, na muda ukiisha je, benki inaifunga tena yenyewe. Wengi wamefika dirishani wiki ya ada wakaambiwa pesa imeshafungwa miezi sita mingine, kwa sababu walitia alama kwenye kisanduku ambacho hawakukisoma.

Kwa pesa ya miaka mitano na kuendelea, kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu, za muda hadi miaka 25. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka: hatifungani ya milioni 1 yenye riba ya asilimia 12 inakuletea 60,000 kila baada ya miezi sita, na mtaji unarudi mwisho wa muda. Ukitaka kutoka kabla, unaiuza kwenye soko la hisa kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo hapa si mahali pa ada.

Na benki yenyewe ikifungwa? Imewahi kutokea. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki ndogo tano kwa mkupuo kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwemo Covenant, Efatha na benki za wananchi za Njombe na Meru. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamfidia mwenye amana hadi 1,500,000 tu. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 hadi 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Mwenye zaidi ya hapo ana sababu ya kugawa. Fidia hii hailindi pesa ya kikoba iliyoko sandukuni, wala "uwekezaji" wa kwenye kundi la simu unaoahidi kuzalisha mara mbili kwa mwezi.

Riba ya asilimia 3 ambayo si 3

Mkopo wa 3,000,000 kwa mwaka, riba asilimia 3 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Kama riba inapigwa kila mwezi juu ya milioni 3 nzima, hata ukiwa umeshalipa nusu, unalipa 340,000 kwa mwezi, jumla 4,080,000. Ukiipiga hesabu juu ya deni linalobaki, ambalo linapungua kila mwezi, riba halisi ni kama asilimia 5 kwa mwezi. Swali la kumuuliza mkopeshaji ni moja: riba inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya salio? Kisha mwombe akuandikie jumla utakayorudisha, pamoja na ada ya fomu na bima ya mkopo. Akikataa kuandika, umeshapata jibu.

Kodi ya biashara ndogo

Mauzo ya fundi wetu ni kama milioni 10 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2022, mtu binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiyetunza kumbukumbu hutozwa 250,000. Anayetunza hutozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, yaani 90,000 nyingine: 180,000. Daftari la mauzo la shilingi elfu tatu limemwokolea 70,000. Sijui akiba nyingine nyepesi kama hiyo. Chini ya milioni 4 hakuna kodi ya mapato, na kuanzia milioni 11 mashine ya risiti ya EFD inahusika na kumbukumbu si hiari tena.

Kodi hii hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa fundi wetu ni 45,000 kila awamu. Kinachowaumiza wengi si kiwango. Hawaendi TRA mapema kukadiriwa, mwaka unapita, kisha wanakutana na deni la miaka miwili likiwa na riba na adhabu. Biashara ikilala, kwa mfano fundi akijifungua na kufunga cherehani miezi minne, nenda ukaombe makadirio yapunguzwe wakati huohuo. Baadaye utakuwa unabishana na karatasi.

Kuna kodi moja ambayo wapangaji wanailipa bila kuiona. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikawa 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anaitanguliza tu: 18,000 kwa mwaka, na ni halali kabisa kukubaliana ipunguzwe kwenye kodi ya pango.

Bima: nunua unachoshindwa kukibeba

Kipimo ni kimoja. Kama hasara ikitokea kesho unaweza kuilipa bila kuuza kitu, usiikatie bima. Kioo cha simu kikipasuka utakunja uso na kutengeneza. Upasuaji na wiki mbili za kulazwa ni jambo jingine.

Ndiyo maana katika bima ya afya, fedha ikiwa chache, anza na bima inayolipia kulazwa na upasuaji, siyo ya wagonjwa wa nje. Malaria na kikohozi mfuko wa nyumba unaweza. Ukisoma mkataba wa kampuni binafsi tafuta vipengele vitatu: muda wa kusubiri kabla ya huduma za uzazi kuanza, magonjwa uliyokuwa nayo tayari, na orodha ya hospitali za mkoani kwako. Mwenye mimba ya miezi miwili anayekimbilia kununua bima leo mara nyingi amechelewa.

Mtumishi wa umma anayechangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, asilimia 3, na mwajiri 3, ana kazi ya karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na picha. Mtoto mchanga haingii kwenye bima kwa kuzaliwa tu, ni lazima asajiliwe. Na kadi hukataliwa dirishani kwa sababu za kawaida mno, kama mtoto kuvuka umri au mwajiri kutopeleka michango. Hakikini kadi kabla hamjaumwa.

Mwenye gari anajua bima kubwa na bima ndogo. Ndogo, 118,000 kwa gari binafsi, inawalipa wengine uliowagonga; gari lako ni juu yako. Kubwa huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake. Hapo ndipo ujanja unapomrudi mtu. Gari la milioni 16 analiandikisha milioni 10, anaokoa 247,800. Linagongwa, matengenezo ni milioni 4. Kampuni inasema: umekatia bima kumi kati ya kumi na sita, basi nasi tunalipa kwa uwiano huo, 2,500,000, na humo bado inatoka ile sehemu ambayo mwenye bima hujilipia kila ajali. Ameokoa laki mbili na nusu, amepoteza milioni moja na nusu. Kanuni hiyohiyo iko kwenye bima ya nyumba na duka.

Bima ya maisha ina sura mbili zinazochanganywa makusudi. Moja inalipa tu ukifa ndani ya muda. Ni rahisi, na usipokufa hurudishiwi kitu. Nyingine ina akiba ndani yake, mara nyingi ikiitwa ya elimu. Hii ya pili, ukishindwa kuendelea mwaka wa kwanza au wa pili, unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu, kwa kuwa michango ya mwanzo imeliwa na kamisheni na gharama. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka, kama fundi wetu, ni heri anunue ile rahisi na akiba aiweke kwingine.

Uzeeni, na karatasi za baadaye

Pensheni ya NSSF na PSSSF inahitaji miezi 180 ya michango. Kanuni yake: miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Kwa 14,400,000 kwa mwaka na miezi 240, inakuwa kama 5,958,000, yaani karibu 497,000 kwa mwezi kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Sasa ondoa miezi 12 ambayo mwajiri alikata na hakupeleka. Pensheni hiyo inapungua karibu 25,000 kila mwezi, maisha yote. Tazama taarifa ya michango kila robo mwaka. Pengo la miezi mitatu linadaiwa; pengo la mwaka 2009 la kampuni iliyokwisha kufungwa linatafutwa kwa machozi.

Akifa mwenye akaunti, benki haitoi pesa kwa kuwa mke anajua namba ya siri. Inataka barua ya usimamizi wa mirathi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi, kisha mahakama. Kikao cha ukoo chenye utulivu ni cha wiki, chenye ugomvi ni cha miaka. Wosia ulioandikwa unapunguza ubishi, na RITA hupokea wosia na kuutunza.

Weka faili moja nyumbani, mwenzako ajue lilipo. Ndani yake: orodha ya akaunti, vikoba, vipande na sera za bima, namba za uanachama wa mifuko, mikataba ya mikopo, nakala za vyeti. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Ally, NSSF wanaye Ali, cheti cha ndoa kimeandikwa Alli. Kwa aliye hai hilo ni kiapo kimoja cha wakili na mchana mmoja. Kwa mjane ni safari za mahakamani.